Mashairi Huru, Lugha ya Pili na Msomaji: Senghor na Kezilahabi

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 umezoeleka kuelezwa kuwa mgogoro wa vina na mizani. Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziandika kanuni za utunzi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akazivunja katika Kichomi (1974), na wanamapokeo wakauona utunzi wake kuwa uigaji wa Wazungu. Hata hivyo, huko Ulaya nako mashairi huru hayakuwa mila. Mshororo wa mizani 12 uliutawala ushairi wa Kifaransa kwa karne kadhaa, kama mizani 16 ilivyolitawala shairi la Kiswahili. Mashairi huru ya Rimbaud yalipochapishwa katika jarida la La Vogue mwaka 1886, nayo yalikuwa uasi.

Watunzi weusi wa Kifaransa waliupokea uasi huo ukiwa umekomaa. Aimé Césaire wa Martinique mwaka 1939, na Léopold Sédar Senghor wa Senegal katika Chants d'ombre (1945), walitunga bila kufungwa na vina. Kwao swali zito halikuwa umbo bali lugha: mtu mweusi atajieleza vipi kwa lugha ya mtawala wake?

Ni rahisi kudai kwamba Senghor alitumia lugha ya kigeni na Kezilahabi lugha yake. Dai hilo halitoshi. Lugha ya kwanza ya Senghor ilikuwa Kiserer. Ya Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilikuwa Kikerewe. Wote wawili walitunga kwa lugha ya kujifunza. Tofauti iko kwa msomaji. Msambaa wa Mashewa, wilayani Korogwe, aliyejifunza Kiswahili sokoni na shuleni, aliweza kuisoma Kichomi bila mkalimani, hasa baada ya Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Mkulima wa Joal, alikozaliwa Senghor, hakuweza kuisoma Chants d'ombre asipopitia shule ya Kifaransa.

Kwa hiyo, Kezilahabi alipotetea lugha ya kila siku katika utangulizi wa diwani yake, alikuwa akitetea zaidi ya umbo. Wapinzani wake walimjibu kwa Kiswahili hichohicho, wengine kwa mashairi. Mgogoro wenyewe, basi, ndio ushahidi kwamba mashairi huru ya Kiswahili yalikuwa yamewafikia wenyewe.