Kinasa Data za Safari: Istilahi na Wajibu Wake

Meli kubwa ikipata ajali, vyombo vya habari vyetu huarifu kwamba "kisanduku cheusi" kinatafutwa. Jina hilo limetoka kwenye habari za ndege, nalo limezoeleka. Kwa upande wa meli lina kasoro mbili. Ya kwanza ni rangi: kasha lenyewe hupakwa rangi ya chungwa iliyokolea na kubandikwa utepe unaong'aa linapomulikwa, makusudi lionekane upesi. Ya pili ni nzito zaidi. Kisanduku, kwa Mswahili, ni chombo cha kuwekea vitu: ulichokitia asubuhi utakikuta jioni. Mtambo tunaouzungumzia hauko hivyo. Hujifuta wenyewe kadiri saa zinavyosonga, na mtu asipouwahi, hufuta hata ile saa ambayo wachunguzi wanaihitaji kuliko zote.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme kinasa data za safari, na kwamba istilahi hiyo ifundishwe pamoja na vitenzi vinne vinavyoandamana nayo: kunasa, kuhifadhi, kuopoa na kusoma. Kila kitenzi kina mtendaji wake na wakati wake. Tukivichanganya, wajibu nao huchanganyika.

Maana na uteuzi wa maneno

Kinasa data za safari ni mtambo uliofungwa melini unaorekodi mfululizo mwendo wa chombo, amri zilizotolewa, namna mitambo ilivyoitikia amri hizo, na sauti za waliokuwa kazini katika chumba cha usukani. Lengo lake ni uchunguzi wa ajali. Mabaharia huuita kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, VDR.

Neno "kinasa" tunalo tangu enzi za kinasa sauti, na kitenzi kunasa kina maana inayofaa: kushika kinachopita kabla hakijaponyoka. "Data" nimelichagua mbele ya "taarifa" kwa kuwa kinachoingia kwenye mtambo ni ghafi: nyuzi za dira, mwendo kwa noti, picha ya rada, sauti. Taarifa huzaliwa baadaye, mtaalamu anapozipanga data hizo na kueleza zina maana gani. "Kumbukumbu" nalo ni neno zuri, lakini lina kazi nyingine melini: kitabu cha kumbukumbu huandikwa na ofisa wa zamu kwa hiari na busara yake, ilhali mtambo hunasa bila kuchagua. Na "safari" ndilo neno la pwani tangu zamani kwa mwendo wa chombo kutoka bandari hadi bandari. Kwa wingi tutasema vinasa data za safari.

Mtambo huu uliingia katika sheria kwa njia ya machungu. Kivuko cha Estonia kilipozama katika Bahari ya Baltiki usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, watu 852 walifariki, na wachunguzi walilazimika kuunganisha kisa chenyewe kwa maneno ya walionusurika na kwa mabaki yaliyolala chini ya bahari. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha viwango vya kwanza vya kinasa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2002, Mkataba wa SOLAS wa usalama wa maisha baharini ukazitaka meli mpya za abiria, na meli nyingine mpya za tani 3,000 au zaidi kwa kipimo cha ujazo, ziwe na kinasa zinapofanya safari za kimataifa. Meli kongwe za mizigo ziliruhusiwa kuwa na aina yenye masharti mepesi, ambayo naiita kinasa sahili.

Kunasa: kazi ya mtambo

Kitenzi cha kwanza ni cha mtambo wenyewe. Hunasa tarehe na saa, mahali meli ilipo, kasi, uelekeo, kina cha maji, picha ya rada na ya ramani ya kielektroniki, upepo, ving'ora vikuu, hali ya milango ya kuzuia maji na moto, amri za usukani na za injini pamoja na jinsi usukani na injini vilivyoitikia. Hunasa pia mawasiliano ya redio na maongezi ya chumba cha usukani.

Jambo la kuzingatia ni ule uwili wa amri na mwitikio. Nahodha anaweza kuagiza usukani upigwe kulia na usukani usigeuke. Bila data za pande zote mbili, mtu atabebeshwa kosa la chuma.

Kunasa kunahitaji umeme. Viwango vinataka mtambo uwe na nguvu ya akiba ya kuendelea kunasa sauti za chumba cha usukani kwa saa 2 baada ya umeme wote wa meli kuzimika. Faida yake ilionekana Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena Dali ilipopoteza umeme na kuligonga daraja la Francis Scott Key, wakafa wafanyakazi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake. Data za mifumo ya meli zilikatika kwa takriban dakika moja, lakini sauti ziliendelea kunaswa kwa nguvu ya akiba. Amri za usukani zilizotolewa katika dakika ile zilibaki kwenye sauti hizo.

Kuhifadhi: kazi ya nahodha

Hapa ndipo penye kiini cha istilahi yote. Mtambo hunasa, lakini kuhifadhi ni kazi ya binadamu.

Viwango vya 1997 vilitaka kasha litunze saa 12 za mwisho. Viwango vilivyopitishwa mwaka 2012, vinavyohusu vinasa vilivyofungwa kuanzia tarehe 1 Julai 2014, vinataka saa 48 ndani ya makasha na siku 30 katika hifadhi ya muda mrefu iliyo ndani ya meli. Muda huo ukipita, data mpya huandikwa juu ya zile za zamani, kama mwalimu anavyofuta ubao uliojaa ili aendelee na somo.

Fikiri meli yenye kinasa cha saa 12 imepanda mwamba saa moja usiku. Nahodha anahesabu watu wake, anapima maji yanayoingia, anaita msaada, anajibu simu za mmiliki na za mamlaka. Umeme upo, mtambo unaendelea kunasa. Asipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, ifikapo saa moja asubuhi dakika ile ya kugonga mwamba itaanza kufutika, na mahali pake itakaa sauti ya watu waliochoka wakisubiri tagi. Ni meli iliyobaki juu ya maji, yenye mabaharia wazima na taa zinazowaka, ndiyo iliyo katika hatari ya kupoteza data kwa namna hii.

Kwa hiyo kila chombo kiwe na maelekezo mafupi, yaliyobandikwa pale pale kilipo kitufe, kwa lugha ambayo zamu nzima inaielewa: baada ya ajali au tukio la kuponea chupuchupu, na mara tu usalama wa watu na chombo unaporuhusu, hifadhi data, andika saa ya kuhifadhi katika kitabu cha kumbukumbu, mjulishe mmiliki na mamlaka, usiruhusu mtu kuchezea mtambo mpaka mchunguzi afike. Anayejua kubonyeza asiwe nahodha peke yake. Ofisa wa zamu ya usiku naye ajue, na awe amefanya mazoezi.

Kuhusu umiliki, mwongozo wa IMO wa mwaka 2002 uko wazi. Mtambo na data zake ni mali ya mmiliki wa meli wakati wote. Uchunguzi ukiendelea, mchunguzi ndiye mwenye dhamana ya kuzishika data hizo, na mmiliki anastahili kupewa nakala. Nahodha anawajibika kuchukua hatua za kuzihifadhi hadi zimfikie mchunguzi. Tuseme basi: mmiliki humiliki, nahodha huhifadhi, mchunguzi hushika dhamana.

Kuhifadhi huanza hata kabla ya ajali. SOLAS inataka mtambo na vihisio vyake vipimwe kila mwaka na kituo kilichoidhinishwa. Maikrofoni iliyokufa juu ya dari haimsumbui mtu siku ya kawaida, kwa hiyo bila kipimo hicho hakuna atakayejua kwamba imekufa.

Kuopoa: kazi ya waokoaji

Kwa hatua ya kukitafuta kinasa cha meli iliyozama, wengi husema "kurejesha" au "kuokoa". Kurejesha kumekwisha kuwa neno la kompyuta, la kurudisha faili lililofutwa, na fundi wa maabara atalihitaji kwa maana hiyo hiyo. Kuokoa tulibakishie watu. Kiswahili kina kitenzi chake halisi cha kutoa kitu majini: kuopoa. Ndoo huopolewa kisimani. Kasha na liopolewe baharini.

Kinasa cha kisasa kina makasha mawili ya nje. Kasha la kudumu hufungwa imara juu ya sitaha. Limeundwa kustahimili moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa 1 na wa nyuzi 260 kwa saa 10, na kina cha mita 6,000, tena lina kitoa mlio cha chini ya maji. Betri ya kitoa mlio ilitakiwa kudumu siku 30 katika viwango vya awali. Sasa ni siku 90. La pili ni kasha la kuelea, linalojifungua meli inapozama, likapanda juu ya maji na kutuma ishara.

Thamani ya nyongeza hizi inaeleweka kwa kisa cha El Faro. Meli hii ya mizigo ya Marekani, iliyokuwa ikitoka Jacksonville kwenda San Juan, Puerto Rico, ilizama karibu na visiwa vya Bahamas tarehe 1 Oktoba 2015 katika kimbunga Joaquin, pamoja na watu wote 33. Ilikuwa na kinasa sahili, kisicho na kasha la kuelea. Vifaa vya kusikiliza vilivutwa baharini, mlio haukusikika. Mabaki yalionekana mwishoni mwa mwezi huo, lakini sehemu ya juu yenye chumba cha usukani ilikuwa imeng'oka, na mlingoti wenye kasha haukuonekana. Iliwalazimu wachunguzi kurudi mara nyingine. Kasha lilionekana tarehe 26 Aprili 2016, kwenye kina cha takriban mita 4,600, na likaopolewa tarehe 8 Agosti. Miezi kumi ilikuwa imepita, na ndani yake zilikuwamo saa 26 za sauti.

Pengine kasha huchukuliwa kutoka kwenye meli ambayo bado inaelea. Januari 2018, meli ya mafuta Sanchi ikiwa inaungua katika Bahari ya China Mashariki, waokoaji wanne walipanda juu yake kwa muda mfupi, wakatoka na miili miwili na kinasa. Kesho yake meli ilizama.

Kasha lililotoka kwenye maji ya chumvi halianikwi juani. Hutunzwa ndani ya maji safi hadi lifike maabara, kwa sababu chumvi ikikutana na hewa hula saketi kwa kasi. Mvuvi akiliokota asilifungue. Maandishi yaliyo juu yake yanakataza, na yanamwagiza atoe habari kwa mamlaka.

Kusoma: kazi ya mchunguzi

Kitenzi cha nne kinahitaji subira. Sauti za El Faro ziliandikwa neno kwa neno zikatimia kurasa takriban 500, na wachunguzi walilinganisha maneno hayo na mahali meli ilipokuwa, kasi yake na hali ya hewa iliyokuwa ikimfikia nahodha. Hata hivyo mazungumzo ya simu za ndani yalisikika upande mmoja tu, wa chumba cha usukani. Kusoma vyema ni pamoja na kutambua kile ambacho mtambo haukukinasa.

Sauti hizo ni za watu, na wengi wao wamekufa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani hutoa maandishi ya maongezi, haitoi sauti yenyewe. Adabu hiyo tuifuate. Shabaha ya uchunguzi wa usalama ni kujua sababu ili ajali isijirudie, na baharia akiamini kwamba sauti yake itachezwa redioni, ataanza kuwa mwangalifu wa maneno pale anapopaswa kusema waziwazi kwamba meli inaelekea pabaya.

Istilahi katika sheria zetu

Sharti la SOLAS linahusu safari za kimataifa. Chombo kinachovusha abiria ndani ya nchi moja, kati ya Unguja na Pemba au katika maziwa yetu, kinategemea kanuni za nchi husika. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaa abiria kupita kiasi, na MV Nyerere ikapinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Abiria wa safari hizi wanastahili uchunguzi wenye ushahidi sawa na ule wa meli ya makontena. Naamini vivuko vikubwa vya ndani vinapaswa kuwa na vinasa, walau vinasa sahili, na kwamba vyuo vya mabaharia vya Dar es Salaam na Mombasa vifundishe somo hili kwa Kiswahili pia, kwa kuwa ndicho kinachosikika chumba cha usukani wakati wa dharura.

Siku kanuni hizo zitakapoandikwa, mwandishi ajihadhari na kauli ya kutendwa. Kanuni ikisema "data zihifadhiwe", kila aliye melini atamtazama mwenzake. Isemwe hivi: nahodha, au ofisa wa zamu kwa niaba yake, atahifadhi data za safari mara tu usalama wa watu utakaporuhusu.