Stori Inapikwa, Matusi ni ya Kweli: Vipindi vya Rialiti Vilikotoka

Kila msimu mpya ukianza swali ni lile lile: hivi hawa wanaishi kweli au wanaigiza? Kuna mashabiki wanaoapa kwamba kila neno limeandikwa kama tamthilia. Wengine mshiriki wao akitolewa wanalia kama katolewa dada yao. Pande zote mbili zina ukweli kidogo. Historia ya vipindi hivi vya maisha halisi, maarufu kama rialiti, inaonyesha kwamba watu wake ni wa kweli na pesa mara nyingi ni za kweli, ila stori huwa inapikwa. Na kuna kitu cha nne ambacho wengi hawakihesabu: matusi anayopokea mshiriki nayo ni ya kweli.

Familia iliyojiona kwenye TV ikajikataa

Mwaka 1971 wapiga picha waliingia kwenye nyumba ya familia moja ya Santa Barbara, California. Baba, mama na watoto watano. Wakakaa nao miezi saba na kurekodi kama saa 300. Mwaka 1973 kituo cha PBS kikarusha kipindi kilichoitwa An American Family, sehemu 12, kila sehemu saa moja.

Hapakuwa na zawadi wala kura. Hakuna aliyetolewa. Lakini drama ilikuwepo: mama alimwambia baba kwamba anataka talaka na aondoke nyumbani, huku kamera ikiwa inazunguka. Marekani nzima ikaanza kuijadili familia hiyo kana kwamba ni majirani zake.

Kipindi kilipotoka, wenyewe walilalamika. Hawakusema kwamba mambo yale hayakutokea. Walisema yamechaguliwa mabaya, na zile siku walizocheka na kula pamoja zimeachwa. Piga hesabu: saa 300 kubanwa ziwe saa 12 maana yake ni kwamba katika kila saa 25 imeonekana saa moja tu. Nani kaichagua hiyo moja? Sio familia.

Hilo lilikuwa kabla ya Instagram, kabla hata ya intaneti kufika majumbani. Ugomvi wa "walivyonionyesha sio mimi" una zaidi ya miaka 50.

Sheria inalinda mchezo, hailindi sura ya mtu

Wamarekani walikuwa wameshaumwa na TV hata kabla ya hapo. Miaka ya 1950 vipindi vya chemsha bongo vilipendwa sana, mpaka ikagundulika kwamba baadhi ya washiriki walikuwa wanapewa majibu mapema. Kipindi cha Twenty-One ndicho kilichovuma zaidi kwenye skendo hiyo. Mwaka 1959 mmoja wa washindi wake waliopendwa mno alisimama mbele ya kamati ya Bunge akakiri. Mwaka 1960 sheria ikabadilishwa: kupanga matokeo ya shindano la TV kwa kuwadanganya watazamaji likawa kosa.

Soma hapo taratibu. Kinachokatazwa ni kupanga nani ashinde. Kumfanya mtu aonekane mkorofi, mchoyo au mjinga hakumo kwenye sheria hiyo.

Ndiyo maana Survivor ya Marekani iliweza kufanya ilichofanya. Ilianza mwaka 2000 kwa zawadi ya dola milioni 1, na fainali ya msimu wa kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 51. Mwaka uliofuata mtayarishaji wake alikiri kwamba baadhi ya matukio yalirudiwa kwa kutumia watu wengine wanaofanana na washiriki, ili picha zitoke vizuri. Alijitetea kwamba matokeo ya mashindano hayakuguswa. Yaani mshindi ni halali, ila ulichokiona kwa macho yako kingine kilirekodiwa upya.

Mtayarishaji huyo huyo mwaka 2004 alileta The Apprentice, Donald Trump akiwa bosi anayefukuza watu kazi. Kile chumba cha mikutano kilichowatisha washiriki kilikuwa seti iliyojengwa kwa ajili ya kipindi. Mwaka huo huo kampuni yake ya kasino iliomba mahakamani ulinzi wa kufilisika. Watazamaji walimwona bosi asiyekosea kwa miaka mingi, na mwaka 2016 Wamarekani wakamchagua kuwa rais. Wachambuzi wengi wanaamini ile sura ya kwenye TV ilimsaidia sana.

Mjengo wafika Afrika

Septemba 16, 1999, Uholanzi ilirusha kipindi cha kwanza cha Big Brother, wazo la mtayarishaji John de Mol. Jina lilitoka kwenye riwaya ya George Orwell inayohusu serikali inayochungulia kila mtu. Kwenye kitabu lilikuwa jambo la kutisha. Kwenye TV likawa burudani: watu wasiojuana wanafungiwa nyumba moja, hakuna simu, hakuna magazeti, kamera kila kona.

Mwaka 2003 ikaja Big Brother Africa. Nchi 12, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, siku 106, kitita cha dola 100,000. Mshindi alitoka Zambia. Kwa mara ya kwanza kijana wa Dar, wa Nairobi na wa Lagos walikuwa wanabishana kuhusu watu wale wale kwa wakati mmoja. Wakubwa hawakupenda. Bunge la Malawi lilitaka kipindi kiondolewe kwenye televisheni ya taifa kwa sababu ya maadili, suala likafika hadi mahakamani na zuio likaondolewa.

Kulikuwa na Big Brother mbili bila watu wengi kujua. Wenye dishi waliona mjengo saa 24. Wasio na dishi waliona muhtasari kwenye vituo vya kawaida. Ukichukua siku nzima ukaibana iwe nusu saa, unaona dakika moja tu katika kila dakika 48. Mwenye dishi alimwona mshiriki akifua, akilala, akikaa kimya mchana kutwa. Wa muhtasari alimwona akigombana na akibusu. Kesho yake kijiweni wote wawili walidai wanamjua.

Mwaka 2007 ilikuwa zamu ya Tanzania. Kijana wetu alishinda, lakini alikuwa ameacha mke nyumbani, na uhusiano wake na mshiriki kutoka Angola ulionekana bara zima. Watu waligawanyika: wengine walisema ni mbinu za kutafuta dola, wengine wakasema ni mapenzi kabisa. Katika ubishi wote huo mke alisahaulika. Yeye hakuingia mjengoni kushindana, lakini ndoa yake ikawa mada ya kila mwenye dishi kuanzia Cape Town mpaka Accra.

Mwaka 2014 jumba lililoandaliwa Johannesburg liliungua moto kabla msimu haujaanza, likatafutwa lingine, na Mtanzania mwingine akaondoka na dola 300,000. Mpaka leo huo ndio msimu wa mwisho wa Big Brother Africa.

Nyumbani nako hatukukaa kimya. Maisha Plus iliwaweka vijana kijijini waishi maisha ya kijijini, na baadaye Oxfam wakaingiza humo Mama Shujaa wa Chakula, shindano la wanawake wakulima. Ghafla kwenye rialiti akaonekana mama mwenye jembe akieleza habari za ardhi na mavuno, sio dada wa mjini akimwagia mwenzake mvinyo. Watu wakatazama. Kumbe hata bila bifu inawezekana.

Jikoni kunapikwaje?

Wengi wanadhani washiriki wanapewa karatasi za kukariri. Mara nyingi haiko hivyo, na wala haihitajiki. Mapishi yanaanza kwenye usaili. Ukimchagua mlokole mkali na mpenda bata, ukawapa chumba kimoja, huna haja ya kuandika ugomvi. Utakuja wenyewe.

Kisha kuna yale mahojiano ya mshiriki akiwa peke yake anaongea na kamera. Mara nyingi yanarekodiwa baadaye, na pembeni kuna mtu anauliza maswali ambayo wewe huyasikii. Akiulizwa "Hivi hukukasirika kweli alipokudharau?" akajibu "Ndiyo, nilikasirika", swali linakatwa, jibu linabaki. Wakati mwingine vipande vya sentensi mbili tofauti vinaunganishwa vikawa sentensi moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka hivyo.

Halafu kuna jicho. Mshiriki kabinua mdomo saa 4 asubuhi kwa sababu chai imepoa. Mhariri anaichukua ile sura na kuibandika saa 2 usiku, baada ya mwenzake kusema ameokoka. Sura ni yake, mdomo kabinua kweli, lakini maana imebadilika.

Kipindi cha The Hills cha MTV kilimaliza ubishi kwa staili yake. Kwenye sehemu ya mwisho, mwaka 2010, kijana anaagana na msichana anayeondoka na gari, huzuni tupu. Ghafla ile mandhari ya nyuma inavutwa pembeni, kamera inarudi nyuma, na inaonekana kumbe wako kwenye eneo la studio Hollywood. Miaka minne mashabiki walikuwa wamelia nao.

Mashine ya kukaushia nguo

Mwaka 1997 Sweden ilirusha Expedition Robinson, kipindi ambacho baadaye kilizaa Survivor. Mshiriki wa kwanza kutolewa alijiua hata kabla kipindi hakijaanza kuonyeshwa. Mjane wake alieleza kwamba mumewe alikuwa na hofu kwamba mazuri yake yatakatwa na ataonekana mpumbavu mbele ya taifa zima.

Miaka 23 baadaye, Japan. Kipindi kiliitwa Terrace House, na kilisifiwa duniani kwa upole wake: vijana sita, nyumba nzuri, hakuna zawadi, hakuna kutoleana macho. Mmoja wao alikuwa dada wa miaka 22, mwanamieleka. Alisahau nguo zake za ulingoni kwenye mashine ya kufulia, na mwenzake mmoja bila kujua akazikausha kwa moto zikasinyaa. Dada akafoka, akampiga kofia ikadondoka. Basi.

Tukio hilo lilipoonyeshwa, mitandao ilimwangukia. Meseji za matusi zilimiminika kila siku, zingine zikimwambia afe. Mei 2020 alijiua. Kipindi kilifutwa. Mama yake alisema wazi kwamba binti alichochewa na watayarishaji aonyeshe hasira ile, jambo ambalo kituo cha TV kilikataa kwamba kilimlazimisha.

Waliotukana walitafutwa. Mwanzoni adhabu ilikuwa ndogo mno, mmoja alitozwa faini ya yeni 9,000 tu. Watu walikasirika, na mwaka 2022 Japan ikabadilisha sheria: kumtukana mtu hadharani sasa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mmoja. Sheria ya 1960 ilitokana na mshindi aliyepangwa. Hii ilitokana na watazamaji.

Kuna wanaochukua kitu kingine

Uingereza mwaka 2002 kulikuwa na dada mmoja kwenye Big Brother ambaye magazeti yalimsakama kuliko mtu yeyote. Yalimcheka kwa kutojua jiografia, yakamcheka mwili. Aligeuza kejeli ile kuwa pesa akawa staa. Mwaka 2007 alirudi kwenye toleo la mastaa, akamtolea mwigizaji wa India maneno ambayo yalizua malalamiko zaidi ya 40,000, na wengi wakasema ndio mwisho wake.

Mwaka 2008 akiwa kwenye Big Brother ya India aliambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi. Alirudi nyumbani na akaamua kuugua hadharani, kamera zikiwepo. Wengine walisema bado anatafuta kiki. Alifariki Machi 2009 akiwa na miaka 27. Katika kipindi hicho, wanawake wapatao 400,000 zaidi ya kawaida walijitokeza Uingereza kupima saratani hiyo. Hospitali hazikupokea mashabiki wa maigizo. Zilipokea wanawake walioogopa, wakaenda, na wengine bila shaka wakawahi.

Hapo ndipo jibu lilipo. Kuuliza kama rialiti ni kweli au uongo hakufiki mbali, kwa sababu kipindi kimoja kinaweza kuwa vyote viwili ndani ya dakika tano. Mtu analia kweli, kwa sababu iliyochochewa, kwenye sehemu iliyokatwa robo tatu. Anayejua hilo bado anaweza kufurahia shoo, akachagua upande, akapiga kura, akacheka na wenzake. Burudani ni burudani.

Ila mhariri alikuwa na saa 300 mezani kwake. Shabiki ana dakika 40 na simu mkononi. Mshiriki hatamwona mhariri akikata, lakini meseji ya shabiki ataisoma usiku huo huo, peke yake, na hiyo haina mtu wa kuihariri.