Mkono kwenye kinywa: wachezaji, wimbo wa taifa na amani yetu

Maneno haya yalisemwa kwanza redioni. Pengine siku ile umeme ulikatika hapa Hewa Bora, ao ulikuwa kazini ukakosa kusikia. Kwa hiyo tunayachapa, uyasome pole pole, na ukiisha kuyasoma umpe jirani.

Leo tutazungumza juu ya mpira. Lakini hatutauliza nani alifunga na nani alifungwa. Tutauliza jambo lingine: wimbo wa taifa unapopigwa, na macho ya dunia nzima yako uwanjani, je, mchezaji ana haki ya kutumia dakika ile moja kuonyesha machozi ya watu wake? Na sisi tunaomtazama, tunaifanyia nini alama ile? Tunajenga nayo, ao tunabomoa nayo?

Tarehe 7 Februari 2024, timu yetu ya Leopards ilikuwa Abidjan, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, ikicheza na wenyeji, Ivory Coast. Wimbo wetu wa taifa, ambao unamwita Mkongo asimame, ulianza kupigwa. Wachezaji walisimama. Lakini kila mmoja aliweka mkono wa kuume juu ya kinywa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto akavielekeza kwenye kichwa, kama bunduki. Nahodha Chancel Mbemba alifanya hivyo, na Cédric Bakambu, na wenzao wote. Kocha wao, Sébastien Desabre, ambaye ni Mfaransa, naye alifanya hivyo. Waliomboleza pia kwa kuvaa vitambaa vyeusi mkononi.

Siku zile vita vilikuwa vimefika karibu na Sake, mji mdogo ulio kilomita kama 25 kutoka Goma. Wapiganaji wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema wanasaidiwa na jeshi la Rwanda, jambo ambalo serikali ya Rwanda imelikana, walikuwa wanasukuma watu mbele yao. Katika mwaka ule, Umoja wa Mataifa ulihesabu Wakongo karibu milioni 7 waliokimbia makao yao bila kutoka ndani ya nchi. Bakambu alikuwa ameandika kwamba kila mtu anaona mauaji ya mashariki na kila mtu ananyamaza. Ndiyo maana ya alama ile. Bunduki iko kichwani, na kinywa kimefungwa.

Leopards walishindwa mchezo ule, bao 1 kwa 0, la Sébastien Haller. Siku tatu baadaye walishindwa tena na Afrika Kusini kwa penalti, wakarudi bila medali. Lakini jiulize, ndugu msomaji: katika mashindano yale yote, ni nini unachokumbuka zaidi? Wazee walisema kweli: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wachezaji wetu hawakuwa wa kwanza. Tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, walipanda jukwaani kupokea medali za mbio za mita 200. Smith alikuwa amekimbia kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Walipanda bila viatu, na soksi nyeusi miguuni, kuonyesha umaskini wa watu weusi kwao. Wimbo wa taifa la Marekani ulipopigwa, waliinamisha vichwa, na kila mmoja akainua ngumi moja yenye glovu nyeusi. Walikuwa na jozi moja tu ya glovu, kwa hiyo Smith aliinua mkono wa kuume na Carlos wa kushoto. Miezi sita mbele yake, Aprili 1968, Martin Luther King alikuwa ameuawa. Wakubwa wa michezo walikasirika. Wanaume hawa wawili walifukuzwa katika mashindano, na kwao waliishi miaka mingi ya dharau na ya kukosa kazi nzuri.

Kulikuwa na mtu wa tatu jukwaani, naye tusimsahau. Ni Peter Norman, mzungu wa Australia, mwenye medali ya fedha. Yeye hakuinua ngumi, lakini alivaa kifuani beji ileile ya kutetea haki ambayo wenzake walivaa. Kwao alipokelewa kwa ubaridi. Alipokufa mwaka 2006, Smith na Carlos walisafiri hadi Australia, wakabeba jeneza lake mabegani. Mwaka 2012 bunge la Australia lilimwomba msamaha, naye amekwisha kufa. Basi tazama: Norman mwaka 1968, na Desabre mwaka 2024. Kidonda hakikuwa chao, lakini walisimama karibu na mwenye kidonda.

Mwaka 2016, tena Marekani, Colin Kaepernick, mchezaji wa timu ya San Francisco 49ers, alikataa kusimama wimbo wa taifa ulipopigwa, kwa sababu polisi walikuwa wanaua watu weusi. Mara ya kwanza alikaa kwenye benchi. Kisha mtu aliyekuwa askari, Nate Boyer, alizungumza naye, na wakakubaliana kwamba kupiga goti moja kunaonyesha heshima zaidi kuliko kukaa. Shika neno hilo. Askari na mpinzani waliketi pamoja, na alama ikabadilika kwa sababu walisikilizana. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 Kaepernick hakupata tena timu ya kumchezesha.

Pengine unasema: hayo ni mambo ya Bulaya na Amerika. Hapana, ndugu msomaji. Sisi wa Lubumbashi tunajua tangu zamani kwamba uwanja wa mpira ni pahali pa kudai haki.

Mwaka 1941, wakati wa vita vikuu vya pili, Union Minière ilichimba shaba usiku na mchana. Bei sokoni zilipanda. Wafanyakazi wazungu walidai, wakaongezewa mshahara. Wafanyakazi weusi, waliofanya kazi ngumu kuliko zote kwa franga kidogo, nao wakaomba. Tarehe 9 Desemba 1941 waliacha kazi, wakakusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji wetu huu. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari. Askari walipiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi, aliuawa, pamoja na makumi ya wengine. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na madai ya mshahara.

Sasa twende mwaka 1974. Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, huko Ujerumani ya Magharibi. Ndani yake walikuwa vijana wa Mazembe yetu: kipa Kazadi Mwamba na beki Mwepu Ilunga. Walishindwa na Scotland 2 kwa 0. Kisha waliambiwa kwamba franga walizoahidiwa hawatazipata, na wakacheza na Yugoslavia bila moyo, wakafungwa 9. Katika mchezo wa mwisho, na Brazil, walikuwa wamefungwa tayari. Brazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali.

Watangazaji wa Bulaya walicheka. Kwa miaka mingi waliionyesha picha ile, wakisema kwamba Waafrika hawajui sheria za mpira. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alikuwa na hasira juu ya franga zao zilizoliwa, na juu ya vitisho vya watu wa Mobutu, waliosema kwamba wakifungwa mabao zaidi ya 3 wasirudi nyumbani. Alitaka afukuzwe uwanjani, aache kuwachezea wale waliomwibia. Mwepu alikufa mwaka 2015, na bado wengine wanacheka. Ndugu, huo nao ni ubaguzi: mtu mweusi analia, nao wanasema anachekesha.

Kuna jambo lingine katika mashindano yale, nalo linatugusa sisi wa Katanga. Katika mchezo wa Yugoslavia, Mwepu alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi hakuona vizuri ni nani, akamtoa nje Mulamba Ndaye. Ndaye alizaliwa Kananga, katika Kasai. Ni yeye aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka uleule, hesabu ambayo hakuna mtu aliyeifikia katika mashindano mamoja. Alitoka uwanjani kwa kosa ambalo si lake. Mchezaji wa Lubumbashi alipiga, mtoto wa Kasai akalipa.

Unaona tunakokwenda? Mwaka 1992 na 1993, hapa katika jimbo letu, watoto wa Kasai walilipa tena. Wakubwa wa siasa waligombania viti Kinshasa, na huku kwetu jirani akaambiwa si jirani. Watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao babu zao waliletwa na Wabelgiji kwa kazi ya migodi na ya reli, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Nyumba zilichomwa. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Walilala kwenye stesheni za treni wiki na miezi wakingojea behewa, na wengi walikufa pale pale kwa njaa na magonjwa, wengi wao watoto. Na kinywa cha wengi wetu kilikuwa wapi? Kilikuwa kimefungwa. Hakikufungwa kwa alama ya kulia. Kilifungwa kwa woga, na kwa wengine kilifungwa kwa sababu walitazamia kuingia katika nyumba ya jirani.

Basi alama ya Abidjan inatuuliza sisi pia. Ni rahisi kuudhika kwamba dunia inanyamaza juu ya Goma. Ni vyema kuudhika, kwa sababu mambo yalizidi: Januari 2025 mji wa Goma wenyewe ulitekwa, na Februari 2025 Bukavu. Lakini anayeomba dunia isinyamaze, naye asinyamaze kwenye barabara yake mwenyewe.

Tena tuwe waangalifu. Wachezaji wale hawakutukana kabila lolote. Hawakusema, mchukieni mtu anayesema Kinyarwanda, ao mwenye pua ya namna fulani. Hawakuuvunja wimbo wa taifa wala hawakuikanyaga bendera. Walionyesha kwamba watu wanauawa na kwamba wenye nguvu wamenyamaza, basi. Lakini siku chache baadaye, Kinshasa, kulikuwa na watu waliochoma matairi na bendera karibu na balozi za nchi za Magharibi. Hasira ni moja, njia ni mbili. Njia ya kwanza ilifanya dunia iulize, juu ya nini wamefunga vinywa? Njia ya pili ilifanya dunia iulize, polisi wako wapi?

Kuna wanaosema kwamba wimbo wa taifa ni kitu kitakatifu, usichanganywe na malalamiko. Wana sababu. Wimbo ni wa wote, na kama kila mtu ataugeuza kuwa mkutano wake, hautabaki wa mtu yeyote. Lakini taifa si ngoma na tarumbeta. Taifa ni mama aliyelala chini ya turubai huko Kivu, na mtoto wake. Anayemkumbuka mama huyo wakati wimbo unapopigwa hajaudharau wimbo. Tena kuna tofauti: Smith na Carlos waliilaumu nchi yao wenyewe mbele ya bendera yake, na Kaepernick vilevile. Leopards walisimama na nchi yao, wakailaumu dunia. Wote, hata hivyo, walichagua alama isiyomwaga damu ya mtu, na wote walijua inaweza kuwaletea hasara.

Alama haimalizi vita. Baada ya Mexico ubaguzi haukuisha, na baada ya Abidjan bunduki hazikunyamaza. Lakini alama inazuia uongo wa kwamba hakuna aliyejua. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Morocco mwishoni mwa 2025 na Januari 2026, shabiki mmoja wa Kongo alisimama kimya tangu mwanzo hadi mwisho wa kila mchezo, mkono juu, kama sanamu ya Patrice Lumumba. Vijana wa nchi nyingine waliuliza, Lumumba ni nani? Sisi tunaweza kuwajibu, kwa maana aliuawa tarehe 17 Januari 1961 porini karibu na mji wetu. Kwa kusimama tu, shabiki yule alifundisha historia.

Ndugu msomaji, tunakuachia maswali matatu ya kuzungumza nyumbani, kazini, ao kwenye benchi la timu ya mtaa wenu, uwe wa Mazembe ao wa Lupopo.

La kwanza: ni uonevu gani katika mtaa wetu ambao kila mtu anauona na hakuna anayeusema?

La pili: tukitaka kuusema, ni alama gani itamfanya hata mpinzani wetu akae na kusikiliza, kama Boyer alivyokaa na Kaepernick?

La tatu: ni nani leo analipa kosa ambalo si lake, kama Ndaye, na nani kati yetu atakwenda kwa mwamuzi kusema, si yeye?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Zungumzeni pamoja, wazee na vijana, wenyeji na waliokuja. Amani ikae nanyi.