Selimundu: wagonjwa walikuwa wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari wa Uganda angekuambia mambo mawili kuhusu selimundu, na mambo hayo yalikuwa hayaendani kabisa.

La kwanza: ukichukua tone la damu, ukalifunika lisipate hewa, halafu ukalitazama kwenye darubini baada ya saa kadhaa, utakuta kwa watu wengi sana chembe nyekundu zimejikunja kama mundu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha vipimo vyao vya makabila mbalimbali ya Uganda. Kwa Waamba, kule magharibi chini ya Rwenzori, karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa na damu ya namna hiyo. Marekani, kati ya watu weusi, walikuwa kama 8 tu.

La pili: wagonjwa hawaonekani. Marekani kwenye wabebaji wachache, majarida ya udaktari yalishajaa habari za watu wenye maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na damu iliyopungua. Huku kwetu kwenye wabebaji wengi, hospitali ziliandika mgonjwa mmojammoja.

Hivi inawezekanaje?

Kumbuka kwamba kwenye vitabu ugonjwa huu "ulizaliwa" Chicago. Desemba 1904 Walter Clement Noel, kijana wa miaka 20 kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno, alilazwa hospitalini. Ernest Irons, daktari mwanafunzi, alitazama damu yake na kuchora chembe zenye umbo la ajabu. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha habari hizo mwaka 1910. Noel alirudi Grenada, akafanya kazi yake ya meno, akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Kwa hiyo kwa miaka mingi selimundu ilisomwa kama ugonjwa wa Wamarekani weusi, na Afrika ikawa mahali pa kwenda kuthibitisha tu.

Basi, kitendawili cha Uganda kikatafutiwa majibu. Mwaka 1950 Raper mwenyewe alipendekeza kwamba pengine kuna kitu kinachoingia kwa kuchanganya damu na wazungu, ndicho kinachoufanya ugonjwa uwe mkali Marekani. Leo ukisoma unacheka, halafu unaacha kucheka. Maana jibu lingeweza kupatikana kwa penseli na karatasi.

Mwaka huohuo wa 1949, James Neel kule Michigan na Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) walionyesha, kila mtu kwa njia yake, jinsi selimundu inavyorithiwa. Ukipata jeni moja, ya baba au ya mama, wewe ni mbebaji, na kwa kawaida unaishi vizuri tu. Ukipata mbili, unaumwa. Sasa piga hesabu. Kama watu 40 katika 100 ni wabebaji, basi katika ndoa 100, kama 16 zitakuwa za mbebaji kwa mbebaji. Kila mtoto wa ndoa hizo ana nafasi moja kati ya nne ya kuumwa. Ni watoto 4 katika kila 100 wanaozaliwa. Kwa wilaya nzima hao ni watoto wengi mno. Hawawezi kukosekana.

Hawakukosekana. Hugh Trowell wa Mulago alishasema kabla ya hapo kwamba ugonjwa huu unapitwa bila kutambuliwa. Na kuanzia 1951, huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), J. na C. Lambotte-Legrand waliutafuta kwa watoto wadogo badala ya watu wazima, wakaukuta tele. Wagonjwa wachache mno walikuwa wanafika utu uzima. Walikufa wadogo, kwa upungufu mkubwa wa damu au kwa maambukizi, na mtoto anayekufa na homa katika nchi ya malaria hakuna anayeuliza maswali mengi. Kina mama walijua kuna watoto wa aina hiyo. Kilichokosekana ni mstari kwenye daftari.

Hapo kitendawili kikageuka. Kama watoto wenye jeni mbili wanakufa kabla ya kuzaa, wanaondoka na jeni zao. Zingetakiwa zipungue kizazi hadi kizazi. Kwa nini bado ni nyingi?

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa na wazo tangu safari yake ya 1949: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji ni wengi, nyanda za juu zenye baridi ni wachache mno. Ramani ya wabebaji ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1953 alirudi. Karibu na Kampala alipima watoto 290: kati ya 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio wabebaji, 113. Pia aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wabebaji. Wasio wabebaji waliugua 14 kati ya 15, wabebaji 2. (Jaribio hilo leo kamati ya maadili isingelipitisha, na sawa kabisa.)

Takwimu zake za Musoma ndizo zinazonigusa zaidi. Kwa watoto wachanga 287, wenye jeni mbili walikuwa 9. Kwa watu wazima 654, walikuwa 5. Wabebaji walikwenda kinyume: kutoka 31 katika 100 utotoni hadi 38 ukubwani. Malaria iliwapunguza wasio na jeni hiyo, selimundu ikawamaliza wenye mbili.

Upande wa kemia ulikwenda haraka. Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti, na miaka michache baadaye Ingram akakuta tofauti yenyewe ni asidi amino moja tu. Tiba ndiyo iliyojikokota. Janet Watson wa New York aliona mwaka 1948 kwamba watoto wachanga hawaumwi kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni. Hydroxyurea, dawa inayorudisha himoglobini hiyo, iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998. Huku watu waliogopa: je, haitaongeza malaria? Jibu lilitoka 2019, katika utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Luanda na Kinshasa. Watoto waliotumia dawa walipungukiwa maumivu, kuongezewa damu na vifo. Malaria nayo ilipungua.

Kutoka kazi ya Lambotte-Legrand hadi hapo, jiji la Kinshasa lilikuwa limesubiri miaka 68.