Alijenga au Alijengesha?

Likizo ya Agosti mwaka jana nilimsaidia Mjomba kutandaza mawe ya Mazeras kando ya bwawa la kuogelea, kwenye nyumba moja ya Nyali, Mombasa. Ada yangu ya muhula wa mwisho wa uzamili ilikuwa haijatimia, naye alikuwa amekosa kibarua. Kila mmoja alikuwa na shida na mwenzake.

Kazi hiyo haitaki pupa. Ardhi hushindiliwa, humwagwa kokoto, kisha zege. Juu yake hutandazwa mchanga uliochanganywa na saruji, ndipo jiwe hulazwa na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira. Mjomba alivuta uzi, akaweka pima maji, akahakikisha sakafu inateremka kutoka kwenye bwawa, sentimita 2 kwa kila mita. "Mvua ikirudisha tope ndani, watasema fundi hajui kazi," aliniambia. Mawe yenyewe hayakusuguliwa yakang'aa, maana mguu uliolowa huteleza. Kwenye kona alikata kwa mashine, na vumbi la jiwe la mchanga likatanda kama moshi. Alijifunga leso puani. Usiku nilimsikia akikohoa.

Saa nne, tukila mahamri na mbaazi chini ya mwembe, aliniuliza ninasomea nini hasa. Nikamweleza habari za Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali kando ya bahari, Kilwa Kisiwani. Lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilifukua miaka ya 1960, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. "Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alilijenga mwanzoni mwa karne ya 14," nilimaliza, "wakati dhahabu ya Sofala ikipitia Kilwa."

Mjomba alimeza tonge lake. "Alijenga au alijengesha?"

Nilicheka, lakini swali halikuniondoka. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu ukarimu wa sultani huyo, akataja pia mashambulizi yake dhidi ya watu wa bara. Waashi hakuwasimulia. Hata hivyo kazi yao ipo. Kuna mtu aliyepiga mbizi akakata matumbawe baharini yakiwa bado laini, ili yachongwe kabla hayajakauka na kuwa magumu. Kuna aliyepanga kuni, akachoma matumbawe mengine yawe chokaa, akameza moshi wake. Kuna aliyepima pembe nane zikakutana. Na kwa kuwa hapakuwa na bomba wala pampu, kuna waliochota maji, ndoo baada ya ndoo, ili mwingine aoge. Kama walikuwa mafundi wa kulipwa au mateka wa mashambulizi yale, kuta hazisemi.

Tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza, lugha isiyo na kiambishi kidogo kama kile alichokitumia Mjomba. Silabi moja ya Kiswahili ilinidai aya nzima. Niliiandika. Msimamizi wangu akaandika pembeni: ushahidi uko wapi? Nikamjibu kwamba ushahidi ni jengo lenyewe. Jiwe halijikati, na maji hayapandi jabali kwa miguu yake. Aya ilibaki, ila aliniagiza nipunguze hasira. Nilipunguza kidogo.

Siku ya mwisho tulikuwa tukifagia mchanga uliobaki kwenye viungo vya mawe. Mwenye nyumba akaja na wageni wawili. "Hapa nimeweka Mazeras," aliwaambia, akinyoosha mkono. Hakusema uongo, pesa zilikuwa zake. Mjomba alikuwa amechutama akiosha mwiko, hakuinua kichwa. Wageni walivua viatu, wakatembea juu ya sakafu ile wakaisifu.

Walipokwenda, Mjomba alimwaga ndoo ya maji karibu na ukingo. Tulisimama tukiyatazama. Yalitulia kidogo, kisha yakateremka kuelekea bustanini, yote, bila tone kurudi bwawani.

"Basi," alisema, akakohoa, akaanza kukusanya vyombo.