Klabu ya huduma

Klabu ya huduma (pia: klabu ya huduma kwa jamii) ni chama cha hiari ambacho wanachama wake hukutana kwa ratiba maalumu, kwa kawaida kila wiki au mara mbili kwa mwezi, ili kujuana na kufanya kazi za kujitolea kwa faida ya jamii. Zinazojulikana zaidi duniani ni Rotary, Kiwanis na Lions, ambazo zote zilianzia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Rotary na Lions zina wanachama zaidi ya milioni moja kila moja, na klabu zao zinapatikana pia katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki.

Klabu ya namna hii si shirika la misaada lenye wafanyakazi wa kulipwa, wala si chama cha kuweka na kukopa. Maisha yake yana sehemu mbili ambazo mtu wa nje huziona kama hazihusiani: mkutano wenye mzungumzaji mgeni, na siku ya kazi ya kujitolea. Hata hivyo, baadhi ya kazi kubwa za klabu hizi zilianza kwa mgeni aliyesimama mbele ya wanachama na kuwaeleza jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria.

Asili

Klabu ya kwanza ya Rotary ilianzishwa mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905 na mwanasheria Paul Harris pamoja na wenzake watatu: Silvester Schiele aliyekuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa madini Gustavus Loehr, na Hiram Shorey aliyekuwa mshonaji. Jina lilitokana na desturi ya kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Mwanzoni lengo lilikuwa urafiki na kupeana biashara tu. Mwaka 1906 mwanasheria mwingine, Donald Carter, alialikwa kujiunga akakataa, kwa hoja kwamba klabu isiyomfaa mtu yeyote nje ya wanachama wake haina sababu ya kudumu. Wanachama walikubali hoja hiyo, wakaongeza lengo la kuutumikia mji, naye akajiunga.

Kazi kubwa ya kwanza haikuwa ya kujivunia katika karamu: ilikuwa vyoo vya umma. Kuanzia mwaka 1907 klabu iliongoza kampeni ya kuitaka halmashauri ya Chicago ijenge vyoo katikati ya mji. Wenye baa walipinga, kwa sababu aliyeingia kutafuta choo mara nyingi alinunua bia. Wenye maduka makubwa nao walipinga, kwa kuwa vyoo vyao viliwavuta wateja. Vyoo vilijengwa hata hivyo.

Kiwanis ilianzishwa Detroit mwaka 1915. Lions ilifuata mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago. Katika Afrika ya Mashariki klabu ya Rotary ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, ya Dar es Salaam mwaka 1949 na ya Kampala mwaka 1957.

Mkutano

Mkutano wa kawaida huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, mara nyingi hotelini, wakati wa chakula cha mchana au jioni baada ya kazi. Rais wa klabu hugonga kengele kuufungua. Hufuata utambulisho wa wageni, taarifa za katibu na za kamati, kisha mara nyingi faini ndogondogo za utani: aliyechelewa, aliyesahau beji yake, au aliyetokea gazetini hutoa kiasi kidogo cha fedha kwa mfuko wa huduma. Mwanachama aliye safarini anaweza kuhudhuria klabu ya mji mwingine, na klabu mbili zinapotembeleana hubadilishana vibendera. Ndiyo maana ukumbi wa klabu ya zamani huweza kuwa na vibendera kutoka nchi nyingi.

Sehemu kuu ya mkutano ni mazungumzo ya mgeni.

Mzungumzaji mgeni

Kila klabu huwa na mwanachama au kamati inayotafuta wazungumzaji. Kazi hii huonekana ndogo, lakini klabu inayokutana kila wiki huhitaji karibu watu 50 kwa mwaka, na mratibu asiyejipanga hujikuta akimpigia simu rafiki yake usiku wa kuamkia mkutano. Wanaoalikwa ni watu kama daktari wa hospitali ya wilaya, mwalimu mkuu, ofisa wa maji, mtafiti wa chuo kikuu, mkuu wa kituo cha watoto au mwandishi wa habari. Wiki isiyo na mgeni hujazwa na mwanachama anayeeleza kazi yake mwenyewe. Desturi hiyo inatoka enzi ambapo klabu za Rotary zilipokea kwa kawaida mtu mmoja tu kwa kila fani.

Mgeni huambiwa mapema mada na muda wake, kwa kawaida kati ya dakika 15 na 30, zikiwemo za maswali. Kwa desturi halipwi. Hupewa chakula, shukrani rasmi kutoka kwa mwanachama aliyepangwa, na pengine zawadi ndogo au cheti. Baadhi ya klabu hutoa mchango kwa jina lake badala ya zawadi.

Kuna mpaka wa kisiasa. Katiba ya kawaida ya klabu za Rotary inaruhusu masuala ya umma kujadiliwa ili wanachama wayaelewe, lakini inazuia klabu kumuunga mkono mgombea yeyote. Kwa hiyo waziri anaweza kualikwa kueleza sera ya maji, lakini asigeuze jukwaa kuwa la kuombea kura. Karibu na uchaguzi mpaka huu si rahisi kuulinda, na klabu nyingine huona heri kutomwalika mwanasiasa yeyote katika miezi hiyo. Tatizo lingine ni mgeni anayekuja kuuza bidhaa. Mratibu mzuri humweleza mapema kwamba anakaribishwa kueleza ujuzi wake, si bei zake.

Hotuba ya Helen Keller

Mfano unaotajwa zaidi wa mgeni aliyebadilisha mwelekeo wa klabu za huduma ni Helen Keller. Mwandishi huyo Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1880, alipoteza uwezo wa kuona na kusikia kwa ugonjwa akiwa na miezi 19. Tarehe 30 Juni 1925 alihutubia mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, jimbo la Ohio.

Lions wakati huo ilikuwa na umri wa miaka minane tu. Klabu zake zilifanya kazi za aina nyingi, na chache kati yake zilikuwa tayari zikiwasaidia wasioona, lakini hapakuwa na jambo moja lililoziunganisha. Keller, aliyekuwa akifanya kazi na taasisi ya wasioona ya Marekani, hakuja kuomba mchango wa siku moja. Aliwataka walichukue suala la wasioona kuwa lao: kusaidia elimu na ajira zao, na kuzuia upofu unaoweza kuzuilika. Ombi hilo la mwisho lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa liliwaondoa wasikilizaji kwenye huruma na kuwapeleka kwenye mambo ya tiba na afya ya umma. Wajumbe walilikubali, na tangu hapo huduma ya macho imekuwa alama ya Lions kote duniani.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1930 George Bonham, mwanachama wa Lions katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona vizuri. Alipendekeza fimbo ipakwe rangi nyeupe, na mji ukatunga sheria ndogo ya kumpa njia mwenye fimbo hiyo. Wazo la fimbo nyeupe lilijitokeza pia Uingereza na Ufaransa katika miaka hiyo, hivyo si haki kumpa mtu mmoja sifa yote, lakini klabu za Lions ndizo zilizolieneza Marekani.

Baadaye Lions ilianzisha mfuko wa SightFirst kwa ajili ya upasuaji wa mtoto wa jicho na mapambano dhidi ya trakoma na usubi. Jina la mfuko huo linaonekana Nairobi, ambako klabu za Lions zina hospitali ya macho katika mtaa wa Loresho. Tarehe 1 Juni kila mwaka klabu za Lions humkumbuka Keller.

Kazi za kujitolea

Kazi za klabu hutofautiana kulingana na mahali: kambi za kupima macho, uchangiaji damu, upandaji miti, visima, madawati, maktaba za shule. Huko Dar es Salaam klabu za Rotary huandaa mbio za hisani zinazofanyika Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Nchini Uganda mbio za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 2012, na fedha za mwanzo zilielekezwa kwenye wodi ya saratani ya hospitali ya Nsambya mjini Kampala.

Kazi kubwa kuliko zote ni ile ya polio. Rotary ilianza na chanjo ya watoto nchini Ufilipino mwaka 1979, ikatangaza mpango wa dunia mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na serikali mbalimbali. Mwaka huo polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Wanachama hawakutoa fedha pekee: wamebeba makasha ya barafu, wametembea nyumba kwa nyumba, na kupaka wino kidole cha mtoto aliyekwisha kupata matone. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Mwaka 2022 virusi vyenye asili ya Pakistani viligunduliwa Malawi, na kampeni za chanjo zilirudi, zikiwemo katika mikoa ya Tanzania inayopakana na nchi hiyo.

Ukosoaji

Lawama ya kawaida ni kwamba klabu hizi ni za wenye nafasi. Ada, chakula cha hotelini na mikutano ya Kiingereza katika miji ambayo watu wake huzungumza Kiswahili huwafungia wengi mlango, hata walio tayari kujitolea. Hilo lina athari kwa orodha ya wageni pia: daktari hualikwa kuzungumza juu ya wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko mgonjwa mwenyewe. Keller alikuwa na nguvu pale Ohio kwa sababu alizungumza juu ya maisha yake.

Lawama nyingine ni ya kazi za siku moja. Miche hupandwa mbele ya kamera na kukauka kwa kukosa wa kuimwagilia. Pampu ya kisima huharibika na kijiji hakina fundi wala fedha za kipuri. Kutokana na uzoefu huo mfuko wa Rotary sasa hudai, kabla ya kutoa ruzuku zake kubwa za kimataifa, kwamba mahitaji yatathminiwe pamoja na wakazi na mpango wa kuendeleza kazi uonyeshwe.

Wanawake na vijana

Kwa miongo mingi klabu hizi zilikuwa za wanaume. Mwaka 1978 klabu ya Rotary ya Duarte, California, ilifutiwa usajili baada ya kupokea wanawake. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba Rotary haiwezi kuwazuia. Lions na Kiwanis zilifungua milango mwaka huohuo. Rais wa kwanza mwanamke wa Lions duniani alikuwa Gudrun Yngvadottir wa Iceland mwaka 2018, na wa Rotary alikuwa Jennifer Jones wa Kanada mwaka 2022.

Kwa vijana Rotary ina Interact, iliyoanza mwaka 1962 kwa wanafunzi wa sekondari, na Rotaract, iliyoanza mwaka 1968 kwa vijana wakubwa zaidi.