Sheria Kinywani, Sheria Kitabuni: Jamii ya Waviking na Jamii ya Leo

Mwanafunzi akitajiwa Waviking, aghalabu picha inayomjia ni ya wanaume wenye ndevu, mashoka mikononi na kofia za chuma zenye pembe. Pembe hizo ni pambo la majukwaa ya opera ya karne ya 19. Mashoka, hata hivyo, yalikuwako. Mwezi Juni mwaka 793 mabaharia kutoka Skandinavia waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakaua, wakapora na kuchukua mateka. Tangu hapo hadi mwaka 1066, Mfalme Harald Hardråde wa Norwei alipouawa vitani Stamford Bridge, watu wengi wa pwani za Ulaya waliishi kwa hofu ya matanga yao.

Katika makala haya tunalinganisha jamii hiyo na jamii ya leo katika jambo moja tu, nalo ni sheria. Tumelichagua kwa kuwa linatugusa sisi walimu wa lugha. Neno law la Kiingereza lina asili yake katika lugha ya Waviking. Waliliacha Uingereza walipolowea huko, kama vile neno letu sheria lilivyotufikia kutoka Kiarabu. Ni ajabu kidogo kwamba watu tunaowaita wavamizi ndio waliompa jirani yao neno la kutajia sheria.

Kwa hakika, wengi wao walikuwa wakulima, wafugaji, wavuvi na wafanyabiashara. Jina lenyewe halikuwa la kabila. Lilimtaja mtu aliyekwenda kuvamia kwa njia ya bahari. Nyumbani, watu huru walikutana katika baraza lililoitwa thing kuamua kesi na kutunga sheria. Mfano bora ni Aislandi, kisiwa kilichoanza kukaliwa na walowezi kutoka Norwei katika karne ya 9. Mwaka 930 walianzisha Althing, baraza la kisiwa kizima, lililokutana kila kiangazi katika bonde la Thingvellir. Hawakuwa na mfalme, wala hawakuwa na sheria iliyoandikwa. Walikuwa na msema sheria.

Mtu huyo alichaguliwa kwa miaka mitatu. Kila mwaka alisimama kwenye Mwamba wa Sheria na kukariri theluthi moja ya sheria zote kwa sauti, hata miaka mitatu ilipotimia watu walikuwa wamezisikia zote. Alisema kwa lugha ileile waliyoitumia zizini na mashuani. Sheria hizo zilianza kuandikwa katika majira ya baridi ya mwaka 1117 hadi 1118. Kwa hiyo, kwa karibu karne mbili, zilikaa katika vichwa vya watu na masikioni mwao.

Nguvu ya utaratibu huo ilionekana kati ya mwaka 999 na 1000, pale Wakristo na wafuasi wa dini ya jadi walipokaribia kupigana barazani. Pande zote mbili zilikubali kumwachia uamuzi msema sheria Thorgeir, ambaye mwenyewe alikuwa wa dini ya jadi. Inasimuliwa kwamba alijifunika joho lake akalala kimya mchana na usiku. Alipoinuka alitangaza kwamba watu wote wabatizwe, lakini anayetaka kutambika kwa siri asiguswe. Wakatii, na vita havikuzuka.

Je, tuseme basi kwamba walitushinda? Hapana. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa.

Kwanza, haikuwa na mkono. Hakukuwa na polisi wala gereza. Aliyeshinda kesi ndiye aliyepaswa kutekeleza hukumu mwenyewe, akisaidiwa na ndugu na wakubwa waliomwunga mkono. Mnyonge aliyeshinda kesi dhidi ya mwenye nguvu alirudi nyumbani na ushindi wa maneno matupu. Visasi vya koo vilikuwa vingi. Katika karne ya 13 koo chache zilijilimbikizia madaraka na kupigana zenyewe kwa zenyewe, na kati ya mwaka 1262 na 1264 Waaislandi wakakubali kutawaliwa na mfalme wa Norwei.

Pili, haikuwa ya wote. Mwanamke huru aliweza kumiliki mali na kudai talaka, lakini hakukaa barazani kuamua kesi. Mtumwa hakuwa na lake kabisa. Dublin, mji uliotokana na kambi ya Waviking ya mwaka 841, ulikuwa soko kubwa la watumwa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wengi wa wanaume walowezi wa Aislandi walitoka Skandinavia, ilhali zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa na asili ya Uingereza na Ireland. Wapo walioolewa, lakini wengine walifikishwa kisiwani kama mateka. Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alikutana mwaka 922 na wafanyabiashara wa Rus, watu wenye asili ya Skandinavia, kando ya mto Volga. Aliandika jinsi kijakazi alivyouawa ili achomwe pamoja na bwana wake ndani ya mashua. Huyo hakuwa na msema sheria wa kumsemea.

Kasoro hizo mbili jamii ya leo imejitahidi kuzirekebisha. Althing yenyewe ilivunjwa mwaka 1800, ikarudishwa mwaka 1845, na sasa ni bunge la wabunge 63 mjini Reykjavík. Mjukuu wa bwana na mjukuu wa mateka wana kura moja kila mmoja. Mwaka 1980 Waaislandi walimchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa rais. Leo hukumu ya mahakama ina dola nyuma yake, na mnyonge hahitaji kuwa na shoka ili alipwe.

Hata hivyo, jambo moja tumelipoteza njiani. Sheria imetoka kinywani ikaingia kitabuni, na kitabu kiko mbali na watu. Hapa kwetu Uganda, Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1995 inaagiza Katiba itafsiriwe katika lugha za nchi na isambazwe kadiri iwezekanavyo. Marekebisho ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Pamoja na hayo, mahakama zetu huendeshwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa asiyekijua husikiliza kesi inayohusu maisha yake kupitia mkalimani. Siku moja darasani tuliuliza ni nani amewahi kuisikia sehemu yoyote ya Katiba katika lugha ya nyumbani kwao. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa miwili.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule wa Waviking kila mtu huru aliujua meno yake, lakini mpini ulishikwa na mwenye nguvu. Wetu una mpini imara, ila wengi huyajua meno yake siku wanapokatwa. Wale wanaosomea tafsiri katika idara yetu wasidhani kazi yao ni ya kupata alama tu. Mkulima anayesomewa sheria ya ardhi kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, huenda akakinusuru kiwanja chake. Msema sheria wa Thingvellir aliifanya kazi hiyo kwa kichwa na sauti. Sisi tuna kalamu, redio na vitabu, hatuna udhuru.